Mwambao Usio na Bahari: Ziara Katika Nchi ya Oldeani

Wageni wengi waendao Ngorongoro hulala Karatu usiku mmoja, wakaamka kabla ya alfajiri, wakashuka kreta katika gari lililofunguliwa paa, wakamwona simba na kifaru kama Mungu amewajalia, wakapanda tena kabla jua halijachwa, na kesho yake wakaenda zao Arusha wakiamini kwamba wameiona nchi. Siwalaumu, maana kreta ile ni miongoni mwa mandhari ambazo macho hayashibi kuzitazama. Walakini nchi iuzungukayo mlima wa Oldeani, baina ya wilaya ya Karatu na ile ya Ngorongoro, ina mambo mengi yasiyoonekana kutoka dirishani mwa gari la kutazamia wanyama, na mtu mwenye siku tatu au nne, viatu madhubuti na subira kidogo, atapata humo elimu ambayo picha haiwezi kuichukua. Bahari iko mbali mno na hapa. Lakini nchi hii ni nchi ya maziwa, mengine yana maji hata leo na mengine yalikauka zamani ambazo akili ya mtu hupata tabu kuzipima, na kila anayetaka kujua binadamu wa kale alikaa wapi, alikula nini na alizikwa wapi, hana budi kuzifuata fuko za maziwa hayo. Rai yangu, basi, ni kwamba azuruye Oldeani ashike njia ya ufukoni, na hiyo kreta iwe kituo kimoja tu katika safari yake.

Mlima wenyewe ni volkano iliyozimika, una kimo kipatacho mita 3,200 juu ya usawa wa bahari, nao umesimama kusini-magharibi mwa kreta, sehemu zake za juu zimefunikwa na mianzi ambayo kwayo Wamaasai waliupa jina, na chini ya mianzi umevaa msitu mzito ambao aghalabu hufungwa na ukungu mpaka saa nne za asubuhi. Kuupanda ni kazi ya siku nzima, wala haupandwi ovyo: msitu ni sehemu ya Hifadhi ya Ngorongoro, nyati na tembo wamo, na mpandaji hulazimika kupewa askari mwenye bunduki. Asiyejiweza kwa kilele aweza kuridhika na matembezi ya saa mbili au tatu upande wa Karatu, mpaka kwenye maporomoko ya Endoro na yale yaitwayo mapango ya tembo, ambayo kwa kweli ni kuta za udongo mwekundu zilizochimbwa kwa pembe, kizazi baada ya kizazi, na tembo waliokuja kula udongo wenye chumvi. Ukiusogelea ukuta ule utaona mikwaruzo ya pembe imepangana juu hata chini, mingine mibichi ya juzi, na sehemu nyingine zimelainika kwa kusuguliwa na ngozi ya mnyama aliyejipaka matope. Ni jambo la kustaajabisha kwamba wenyeji wa mji ulio karibu, watu waliozaliwa na kukulia pale, wengi wao hawajaufikia ukuta huo, ilhali watu wa Ulaya huvuka bahari kuja kuutazama.

Msitu huu haupaswi kutazamwa kama pambo. Mvua iangukayo juu ya Oldeani na ndugu zake wa nyanda za juu haikimbii yote juu ya ardhi. Nyingine huzama katika mawe yenye vinyweleo yaliyomwagwa na volkano, ikapita gizani kwa mwendo mrefu, kisha hutokeza tena chini kabisa, katika bonde la Eyasi, kwa chemchemi safi ambazo ndizo uhai wa mashamba ya vitunguu ya Mang'ola. Mtu anayekata mti huku juu, basi, anagusa kitunguu cha mtu asiyemjua kule chini, na kwa sababu hiyo ugomvi wa maji baina ya wakulima wa juu na wa chini haukuanza leo.

Kati ya msitu na bonde ndipo lilipo eneo la mashamba ya kahawa, ambalo ndilo watu wengi hulikusudia wanapotaja Oldeani. Wajerumani, ambao walipoteza koloni lao katika vita vya kwanza vya dunia, waliruhusiwa kurudi Tanganyika mwaka 1925, na katika miaka iliyofuata kundi lao moja lilipanda huku, likakata msitu, likapanda mibuni, likajenga nyumba za mawe zenye bomba la moshi, likawa na mambo yake na siasa zake mpaka mwaka 1939, vita vya pili vilipozuka, wanaume wakakamatwa na kufungwa kambini na mashamba yakatwaliwa na serikali ya Mwingereza kuwa mali ya adui. Mashamba hayo yamepita mikononi mwa wengi tangu siku zile, lakini kahawa imebaki, na azuruye wakati wa mavuno ataona wachumaji, wengi wao Wairaqw, wakichuma buni nyekundu moja moja na kuiacha ya kijani, kisha atasikia harufu kali kidogo ya maganda yaliyochacha karibu na mashine ya kumenyea. Baadhi ya mashamba hukaribisha wageni na kuwaonyesha kazi tangu mti hata kikombe. Kwa mizani yangu hili ni jambo dogo katika ziara hii, ingawa kikombe chenyewe hakina kosa.

Kutoka hapo barabara huteremka. Aliyetoka Karatu akiwa amevaa sweta atalivua kabla hajafika Mang'ola, kwa maana nchi hushuka mita mia tano na mibuni huachia nafasi migunga, mibuyu na mikoche, na vumbi jeupe hushika mahali pa udongo mwekundu. Hapo hukutana na mashamba ya vitunguu ambayo sifa yake imefika Nairobi, mashamba yaliyogawanywa vijaruba kwa vijaruba, kila kijaruba na mfereji wake, kila mfereji na zamu yake ya maji, na watu wa makabila mengi wamekusanyika kwa ajili ya biashara hiyo, hata kikao cha mamantilie cha Ghorofani chaweza kukusanya Mwiraqw, Mnyiramba, Mchaga, Mdatoga na Mhadzabe kwa sahani za ubwabwa. Kiswahili cha hapo kina lahaja zote na hakina mwenyewe.

Ziwa Eyasi liko mbele ya mashamba hayo. Ni ziwa la magadi, refu kiasi cha kilomita 80 na lenye kina kidogo mno, limelazwa chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na kwa kuwa halina mto utokao, kila kinacholetwa na mvua hubaki humo, maji yakaenda mbinguni na chumvi ikabaki. Kwa hiyo ufuko wake hauna msimamo. Katika mwaka wa mvua nyingi maji huenea hata kwenye mikoche, heroe huja kwa maelfu, na wavuvi wa mbali hupiga kambi kuvua kambare na perege na kuwakausha juani. Katika mwaka wa ukame mgeni huteremka garini akatembea juu ya gamba jeupe lipasukalo chini ya kiatu, akatembea tena, na maji bado ni mstari tu upande wa pili. Nimewasikia watu wakinung'unika kwamba wamedanganywa, ziwa halipo. Lipo, ila ziwa la namna hii huzuruliwa pamoja na ufuko wake, na ufuko wake ndio wenye khazina.

Karibu na ncha ya kaskazini-mashariki ya ziwa hilo pana jabali liitwalo Mumba, lenye kivuli cha pango lisilo refu, mahali ambapo mchungaji wa leo aweza kukaa kulikwepa jua bila kujua kwamba anakaa juu ya sakafu za watu wa nyakati mbalimbali. Daktari Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alikuja katika nchi hii katikati ya miaka ya 1930, na mwaka 1935 upande wa ziwa alipata vipande vya fuvu la kale la binadamu ambalo liliwashughulisha wataalamu wa wakati ule. Na mkewe Margit ndiye aliyesimamia uchimbaji wa Mumba mwaka 1938. Baadaye, katika mwaka 1977 na 1981, Mmarekani Michael Mehlman aliyarudia machimbo hayo kwa taratibu za kisasa, ikadhihirika kwamba tabaka za udongo zimeshuka kiasi cha mita tisa au kumi, na kwamba za chini zina umri wa zaidi ya miaka laki moja. Katika baadhi ya tabaka za machimbo hayo zimo shanga zilizotengenezwa kwa gamba la yai la mbuni, kazi ya mtu aliyekaa kitako akachonga, akatoboa, akasugua, kwa ajili ya jambo ambalo si chakula wala silaha bali uzuri. Na zimo chembe za jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, ambalo asili yake ni upande wa Naivasha, Kenya, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo. Ama watu walikwenda wakalileta, ama lilipita mkono kwa mkono baina ya jamaa na jamaa, na kila njia katika hizo mbili yathibitisha kwamba mwambao huu ulikuwa na masafa, jirani na mabadilishano kabla ya msafara wowote wa pwani. Anayezuru Mumba asitarajie uzio wa chuma wala bango refu. Achukue kiongozi wa kijijini, na asiokote hata kijiwe, kwa kuwa kijiwe kilichotoka mahali pake hakiwezi tena kusema kilikuwa na nani.

Katika nchi hiyo hiyo ya ziwa wanaishi Wahadzabe, watu wachache sana, elfu moja na ushei, ambao baadhi yao hata leo huishi kwa uwindaji wa upinde, asali, ubuyu na mizizi. Mengi yaandikwayo juu yao ni dhihaka iliyovikwa joho la mapenzi: huitwa watu wa kale, mabaki ya enzi, na maneno mengine ambayo yeyote kati yetu angekasirika akiambiwa. Mhadzabe ni mtu wa leo kama msomaji wa maneno haya. Anajua bei ya sukari, anajua ardhi yake imemegwa na wafugaji na wakulima pande zote, na anajua tofauti ya mgeni aliyekuja kumwona na mgeni aliyekuja kumpiga picha. Anayewazuru apite kwanza katika ofisi ya utalii wa utamaduni hapo Ghorofani, alipe ada ya kijiji mahali panapotolewa stakabadhi, aende na mkalimani, na aende mapema, kwani wanaume hutoka na pinde zao jua likiwa changa. Kama ana bahati ataona namna kijana anavyomwitikia mlembe kwa mluzi, yule ndege mdogo akaruka mti hadi mti akimwongoza kwenye mzinga wa nyuki, na mwisho akapata sehemu yake ya nta. Pombe isiwe zawadi, imewaharibia wengi.

Vichwa vya mishale ya kijana huyo hakuvifua yeye. Vimetoka kwa wahunzi wa Kidatoga, majirani zake, na kiwanda chao ni jambo ambalo ningemshauri kila mzazi ampeleke mtoto akaone. Mhunzi amechuchumaa mbele ya shimo dogo la makaa. Nyuma yake kijana anasukuma mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi kwa zamu, kushoto, kulia, bila kupumzika, na pumzi ya mivukuto hupita katika mdomo wa udongo mpaka makaa yanakuwa meupe. Chomboni mwake mmewekwa kufuli zilizovunjika na koki za mabomba ya maji, zilizonunuliwa mjini kwa kilo. Zikishayeyuka, humimina shaba ile nyekundu ya moto katika mfereji wa chuma kilichochongwa, ikaganda kwa muda usiotosha kumaliza salamu, kisha huigonga juu ya fuawe, akaipinda, akainakshi kwa patasi mistari midogo midogo sambamba, ikawa bangili. Misumari ya inchi sita huwa mishale. Mhadzabe hutoa asali, akapata chuma, na mapatano hayo yamewafanya watu wa lugha mbili zisizofanana kabisa waishi jirani kwa muda mrefu, ingawa si bila magomvi.

Wadatoga hawa wana haki nyingine katika nchi ambayo wageni wengi hawaijui. Kabla ya Wamaasai, nyanda za juu na kreta yenyewe zilikuwa mikononi mwao, mpaka walipotolewa kwa vita katika karne ya 19 wakashuka upande wa Eyasi. Na makaburi ya wazee wao yamebaki ndani ya kreta, nao wangali wakipanda kwenda kuyafanyia ibada. Kwa hivyo tunaingia kreta sasa kwa mlango tofauti na ule wa magari ya wanyama.

Mwaka 1892 Oscar Baumann, Mwaustria, alitoka Tanga na msafara mkubwa, akapita Ziwa Manyara, na mwezi wa Machi akafika ukingoni mwa Ngorongoro. Alikuta nini? Aliyoyaona si ile neema ambayo vitabu vya watalii huisimulia. Sotoka ilikuwa imewamaliza ng'ombe wa Wamaasai, na watu wenyewe, waliokuwa wakiogopwa kutoka pwani hata Ziwa Viktoria, walikuwa wakitembea mifupa mitupu, wakiomba chakula katika kambi ya wapagazi. Kisha akashuka akaliona Ziwa Eyasi, akaendelea na njia yake. Miaka michache baadaye nchi hiyo iliyodhoofika iligawiwa kama tupu: ndugu wawili Wajerumani, Adolf na Friedrich Siedentopf, walipata ardhi ndani ya kreta, wakafuga na kulima humo mpaka vita vya 1914 vilipowaondoa. Magofu ya nyumba ya mmoja wao yangalipo, kuta chache za mawe katikati ya uwanda, na magari mengi huyapita kwa kasi kwa sababu kuna mtu kamwona simba mbele.

Chini, katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 260 lililozungukwa na kuta zenye kimo cha mita 600, lipo tena ziwa la magadi na ufuko wake wenye heroe, na karibu nalo msitu wa Lerai wa migunga yenye magome ya manjano. Magari huteremka kwa njia ya Seneto na kupanda kwa njia ya Lerai, wala hairuhusiwi kushuka garini illa mahali palipowekwa. Juu ukingoni, kando ya barabara, pana kaburi la mawe lenye umbo la piramidi: ni la Michael Grzimek, aliyefariki Januari 1959 ndege yake yenye milia ya punda milia ilipogongana na tumbusi, alipokuwa akihesabu wanyama pamoja na baba yake, Bernhard, ambaye naye alifariki 1987 na majivu yake yakaletwa kuwekwa hapo. Mwaka ule ule wa 1959 Ngorongoro ilitengwa na Hifadhi ya Serengeti ikawa eneo la namna yake, lenye kilomita za mraba zipatazo 8,300, ambamo mfugaji na mnyama wa mwituni waliahidiwa kuishi pamoja. Ahadi hiyo imekuwa na historia ngumu. Wafugaji waliokuwa wakiishi ndani ya kreta walitolewa katikati ya miaka ya 1970. Kilimo kilipigwa marufuku, kikaruhusiwa, kikapigwa marufuku tena. Na tangu 2022 kaya nyingi zimehamia Msomera, wilayani Handeni, kwa mpango ambao serikali huuita wa hiari na ambao Wamaasai wengi wameulalamikia vikali hata mahakamani. Mgeni hawezi kuhukumu kwa ziara ya siku moja, lakini hana udhuru wa kutojua.

Kutoka ukingo wa kreta kwenda magharibi nchi hushuka na kukauka, na kwa wakati wa kiangazi mtu hashawishiki kwamba maji yaliwahi kuwako. Yalikuwako. Korongo la Oldupai, ambalo dunia hulitamka Olduvai kwa kosa la zamani, lina urefu unaokaribia kilomita 50 na mahali pengine kina cha mita 90, nalo limekata tabaka zilizowekwa na ziwa lililokuwepo miaka milioni mbili iliyopita na kwa muda mrefu baada yake. Kwenye pwani ya ziwa hilo, karibu na chemchemi za maji matamu, waliishi viumbe waliotangulia binadamu, na kwa sababu volkano za nyanda za juu zilimwaga majivu mara kwa mara, mifupa na mawe yao yalifunikwa kabla ya kuharibika. Daktari Wilhelm Kattwinkel alipita hapo mwaka 1911, Hans Reck akachimba 1913, na Louis Leakey alianza kazi 1931. Lakini siku iliyolifanya korongo kuwa maarufu ni tarehe 17 Julai 1959, Louis akiwa amelala kambini kwa homa, na mkewe Mary akitembea peke yake na mbwa wake, alipoona kipande cha mfupa na meno mawili katika mteremko. Fuvu lile, lenye umri wa miaka milioni moja na robo tatu, waliliita Zinjanthropus, kwa jina ambalo mabaharia Waarabu wa zamani waliitia pwani yetu, hata likawa dalili kwamba mtu wa bara na mtu wa mwambao wametajwa katika jina moja. Lenyewe liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Makumbusho ya korongoni, yaliyofunguliwa upya mwaka 2017, ni mazuri na maelezo yake yanafahamika. Ningependa tu Kiswahili kipewe nafasi ya kwanza ukutani, maana wanafunzi wa Karatu wanaoletwa hapo kwa basi la shule wanastahili kusoma asili ya binadamu kwa lugha wanayoiwazia.

Kusini kidogo, Laetoli, mvua ilinyesha juu ya majivu mapya miaka milioni 3.66 iliyopita, wakapita watatu kati ya watangulizi wetu kwa miguu, jua likayakausha, majivu mengine yakafunika. Nyayo hizo, mstari wa mita 27, zilifichuliwa na kundi la Mary Leakey mwaka 1978, na katikati ya miaka ya 1990 zikafukiwa tena kwa makusudi, kwa kuwa mizizi ya miti na mvua vilianza kuziharibu. Wageni wengi hulalamika kwamba wametoka mbali na kuonyeshwa nakala makumbushoni. Mimi naona kwamba waliozifukia walitumia busara, kwani jambo lililohifadhiwa na udongo kwa umri ule halina haja ya kutazamwa nasi. Na ardhi ile haijamaliza kusema: mwaka 2015, Watanzania wakiongozwa na Fidelis Masao walipokuwa wakichunguza uwanja uliopendekezwa kwa makumbusho, walikuta nyayo nyingine za umri ule ule, mita 150 tu kutoka zile za kwanza.

Juu ya Hifadhi ya Ziwa Manyara nitasema machache, kwa kuwa imesemwa sana. Ni ndogo, ilianzishwa 1960, sehemu kubwa yake ni maji, msitu wake hulishwa na chemchemi za chini ya ukuta, na simba wake hupanda miti wakitaka. Anayelitaka ziwa lisilokauka upesi kama Eyasi ataridhika nalo.

Lakini kutoka Mto wa Mbu, langoni mwa hifadhi hiyo, badala ya kurudi Arusha, mtu na ageuke kaskazini kiasi cha kilomita 60 chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mpaka Engaruka. Hapo, mahali ambapo leo mvua ni haba na mbuzi hula miba, kulikuwa na wakulima walioishi tangu karne ya 15 hivi mpaka ya 18, wakayakinga maji ya vijito vinavyoshuka ukutani, wakayapeleka kwa mifereji iliyojengwa kwa mawe bila chokaa, wakagawanya uwanda wa kilomita za mraba zipatazo 20 kuwa vijaruba, na nyumba zao wakazijenga juu ya majukwaa ya mawe miteremkoni, ili wasipoteze hata kipande cha ardhi yenye maji. Ukipita asubuhi, jua likiwa la upande, vivuli huonyesha mistari ambayo mchana haionekani: mfereji huu unakata ule, ukuta huu una mlango, hapa palikuwa na zizi. Louis Leakey alifika 1935, Hamo Sassoon akachimba katika miaka ya 1960, na baadaye John Sutton akafafanua namna maji yalivyogawanywa. Nani walikuwa, na kwa nini waliondoka? Wairaqw wamo miongoni mwa wanaotajwa kuwa wajukuu zao, na kupungua kwa maji ndiyo sababu ipewayo uzito mkubwa. Mtu aliyetoka kuona vijaruba vya vitunguu vya Mang'ola siku mbili nyuma atatambua mara moja kwamba amekwisha kuviona vya Engaruka, vikiwa na watu.

Tangu mwaka 2018 sehemu kubwa ya nchi niliyoitaja, katika wilaya za Karatu, Ngorongoro na Monduli, imetambuliwa na UNESCO kuwa jiopaki, ya kwanza nchini, pamoja na makaburi ya Wadatoga na nyumba ya Mjerumani ndani ya kreta. Na jambo hilo limewapa baadhi ya vijiji sababu ya kuweka vibao na kufundisha viongozi. Kwa Mtanzania gharama si kizuizi kama watu wanavyodhani: kiingilio cha raia hulipwa kwa shilingi, nacho ni sehemu ndogo tu ya kile cha mgeni, lakini gari la kushuka kreta ndilo lililo ghali, basi watu sita wachange. Eyasi izuruliwe baina ya Juni na Oktoba, barabara zikiwa kavu. Asiyeweza ila masika achukue gari refu na koleo. Lango la Loduare, la kuingilia Ngorongoro kutoka Karatu, hufungwa saa kumi na mbili za jioni na walinzi wake hawana mzaha, kwa hiyo atokaye Oldupai na aondoke si zaidi ya saa tisa, akumbuke kwamba ukungu wa ukingoni huchukua nusu saa yake, na awe amejaza petroli Karatu kabla ya kupanda.